Pamba ya Imam Ghazali na mwale wa leza

Mwaka 2014, katika maabara ya James Tour kwenye Chuo Kikuu cha Rice, Houston, watafiti walieleza jambo la ajabu. Walikuwa wamepitisha mapigo ya leza, ya aina inayotumika karakanani kukatia mbao na akriliki, juu ya plastiki nyembamba ya poliimidi. Plastiki hiyo ina rangi ya kaharabu na inasifika kwa kuzuia umeme. Kila mwale ulipopita pakabaki mstari mweusi, na mstari huo ulipitisha umeme.

Maelezo yao ni haya: joto la papo hapo lilikata vifungo vya kaboni na oksijeni na nitrojeni, gesi zikatoka, na kaboni iliyosalia ikajipanga upya katika pembesita za grafini, yaani tando nyembamba sana za kaboni.

Je, ni leza iliyofanya hayo?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuliza hivyo kuhusu pamba na moto. Jicho, alisema, huona pamba ikiungua inapokutana na moto. Halioni kwamba moto ndio ulioiunguza. Mtendaji ni Mungu, nasi tumezoea tu mfuatano wa mambo. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu kwa ukali kwamba anayefuta sababu amefuta na akili.

Kemia haijamaliza ugomvi huo. Kusema vifungo vimekatika ni kulisogeza swali ndani zaidi, kwa sababu hapo pia kinachoonekana ni joto kufika na kifungo kuachia.

Lakini mwaka 2018 maabara ileile iliandika grafini juu ya mkate, kifuu cha nazi, karatasi na kitambaa. Kanuni yao: kinachoweza kuwa mkaa kwanza, leza ikirudiwa itakifanya grafini. Vitu vinavyoteketea upesi walivipaka kwanza dawa ya kuzuia moto, ili vigeuke mkaa badala ya kuteketea.

Hapo Ghazali anapendeza zaidi kuliko wanavyomnukuu wengi. Katika kitabu kilekile alimoandika kuhusu pamba alitoa jibu la pili, akikubali kwamba moto una tabia yake, ila sifa ya kitu kinachoguswa yaweza kubadilika. Akataja mtu anayejipaka talki akaketi motoni asidhurike. Jibu hilo halimpi Ibn Rushd ushindi, lakini linamsogelea sana, na mafundi wa Houston wangelielewa bila mkalimani.