Fomu ya Maombi Haiulizi Imani

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Rhode Island, Marekani, kilimtunuku Marcus Ross shahada ya uzamivu katika sayansi za dunia. Tasnifu yake, yenye kurasa 197, ilihusu mosasauri, mijusi wakubwa wa baharini waliotoweka yapata miaka milioni 65 iliyopita, na miaka hiyo aliitaja kama anavyoitaja mwanajiolojia yeyote. Ross huyohuyo ni Mkristo anayeamini kwamba umri wa dunia yote hauzidi miaka elfu kumi. Gazeti la New York Times lilipoandika habari zake mwaka uliofuata, msimamizi wake, David Fastovsky, aliitetea tasnifu: kazi haikuwa na dosari. Wengine hawakuridhika. Iweje mtu apewe shahada ya jiolojia ilhali haukubali umri wa miamba anayoipima?

Nyuma ya ubishi huo kuna suala la fedha. Katika vyuo vingi vya Marekani, anayesomea uzamivu wa jiolojia halipi ada. Idara humsamehe na kumpa posho, naye hufundisha vipindi vya maabara kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza au hufanya kazi kwenye mradi wa profesa. Raia wa Marekani na mkazi wa kudumu wanaweza pia kuomba ufadhili wa National Science Foundation, ambao mwaka 2022 posho yake ilipandishwa hadi dola 37,000 kwa mwaka, kwa miaka 3. Mwombaji kutoka Dodoma au Eldoret haruhusiwi kuugusa. Tegemeo lake ni profesa mwenye mradi, mwenye fedha na mwenye nafasi. Ndiyo maana waliotangulia humshauri aandike barua pepe mapema, Septemba au Oktoba, kabla ya kuhangaika na fomu ambayo mara nyingi hufungwa Desemba au Januari: amesoma makala gani ya profesa huyo, amefanya kazi kwenye miamba ipi, anataka kujua nini. Ada ya maombi nayo, ambayo aghalabu hupita dola 50, baadhi ya vyuo huisamehe kwa anayeomba kusamehewe. Wengi hawaombi, kwa aibu tu.

Hakuna kisanduku cha dini kwenye fomu hiyo. Ila profesa ni binadamu, na jina la mwombaji halikosi kutafutwa mtandaoni. Kuna pia barua za wadhamini, kwa kawaida 3, na hapo ndipo imani imewahi kugonga mwamba waziwazi. Michael Dini, mwalimu wa baiolojia katika Chuo Kikuu cha Texas Tech, aliweka sharti kwa wanafunzi waliotaka awaandikie barua: wathibitishe kwamba wanakubali maelezo ya kisayansi ya asili ya binadamu. Mwanafunzi mmoja alilalamika, na mapema mwaka 2003 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaanza uchunguzi. Dini hakusubiri hukumu. Alibadilisha sharti: mwanafunzi sasa alitakiwa aweze kueleza asili ya binadamu kwa mujibu wa sayansi, na moyoni abaki na lake. Uchunguzi ukafungwa.

Wapo walioliona badiliko hilo kuwa ujanja wa kukwepa mahakama. Ukweli ni kwamba liligusa jambo ambalo wanafiqhi wa Kiislamu walilipa ufumbuzi karne nyingi zilizopita: kadhi huhukumu yaliyo dhahiri, ya moyoni anayajua Mungu. Kamati ya udahili haina kipimo cha moyo. Ina alama za mwombaji, barua zake, ramani alizochora na sampuli alizochambua. Ikianza kudai kiapo cha imani, haitawapata waumini wa sayansi. Itawapata watu wanaojua kuapa.

Na waungwana wasisahau kwamba upande wa pili hudai kiapo bila haya. Shirika la Answers in Genesis, linalotetea dunia changa, huwataka waajiriwa wake watie saini tamko la imani. Mwanajiolojia anayekwenda kufanya kazi huko akiwa na shaka juu ya Gharika ya Nuhu hatapewa mshahara, hata ajue kusoma miamba kiasi gani.

Mtu asidhani hata hivyo kwamba kutenganisha mkono na moyo ni jambo jepesi. Kurt Wise alipata uzamivu wake Harvard mwaka 1989, chini ya Stephen Jay Gould, mmoja wa watetezi wakubwa wa nadharia ya mageuko. Wise ameandika kwamba akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alichukua Biblia mpya na mkasi, akaanza kukata kila mstari ambao angelazimika kuuacha kama mageuko ni kweli. Pambizo za kurasa hakuzigusa. Kazi ilimchukua miezi. Alipomaliza alijaribu kukinyanyua kitabu, akaona hakinyanyuliki bila kuchanika vipande viwili. Akachagua Biblia, kisha akaenda kusomea visukuku.

Huwezi kumwita mnafiki kijana aliyefanya hivyo. Mwanabaiolojia Richard Dawkins mwenyewe, asiye na subira na dini, alikiri uaminifu wake huku akimsikitikia.

Yuko mchungaji aliyekata kauli nyingine. Adam Sedgwick alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana na profesa wa jiolojia Cambridge, na kwa miaka kadhaa alifundisha kwamba changarawe zilizotapakaa Ulaya ziliachwa na Gharika moja. Mwaka 1831, akiwa rais wa Jumuiya ya Jiolojia ya London, alisimama mbele ya wenzake akaikana rai hiyo hadharani. Ukasisi hakuuacha. Karne nane kabla yake, mwanazuoni Al-Biruni, Muislamu safi, alikwishaandika kwamba jangwa la Uarabuni liliwahi kuwa bahari, kwa ushahidi wa makombe yaliyofukiwa humo.

Kwa hiyo Ross alistahili shahada yake, na aliyemlipia hakudhulumiwa: alinunua utafiti wa mosasauri, akapata utafiti wa mosasauri. Deni linakuja baadaye. Mwenye shahada akipanda jukwaani na kutumia cheo hicho kuwashawishi wasikilizaji kwamba miamba ni ya juzi, anawaazima heshima ya hesabu ambazo yeye mwenyewe hazikubali, na wao hawajui. Hapo ana wajibu wa kuwaeleza tasnifu yake ilisema nini. Hakuna chuo kinachoweza kumlazimisha, wala si vyema kiweze.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili haliko mbali. Mwaka 1961 majivu ya volkano ya Olduvai yalipimwa kwa njia ya potasiamu na agoni na wanasayansi wa Berkeley, umri ukatoka takriban miaka milioni 1.75. Louis Leakey, aliyeutangaza pamoja nao, alikuwa mtoto wa wamisionari wa Kabete. Leo vijana wanaosomea jiolojia Dar es Salaam au Nairobi wengi wao huswali au huenda kanisani, na baadhi huulizana usiku bwenini kama barua ya kuomba uzamivu iseme chochote kuhusu hilo. Haina haja, wala kukana hakuhitajiki. Profesa anayeisoma ana dakika chache na waombaji wengi; anataka kujua kama kijana huyu ataweza kutenganisha punje za zirkoni, madini ya kupimia umri wa miamba, kuziweka kwenye mashine na kuripoti umri utakaotoka, pamoja na kiasi cha makosa ya kipimo, hata kama hakuutarajia. Akishachaguliwa, vyuo vingi vya Marekani vinavyotoa ufadhili humpa hadi tarehe 15 Aprili aseme anaupokea au la.