Makao ya Uzeeni: Ng'ambo au Kwetu?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni Zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Tumeletewa suali na wazee wetu watatu, watu wa Mwambao walio katika biashara Migori na Homa Bay. Wasema ya kuwa nguvu zimepungua, watoto wamekuwa watu wazima, na maduka yana wa kuyashika. Mmoja ataka kwenda kukaa Muscat kwa jamaa zake. Wa pili ataka Dubai. Wa tatu amenuia kwenda Umra asirudi tena, apate kufa Madina. Watuuliza: ni nchi ipi iliyo bora kwa Mwislamu kumalizia umri wake?

Jawabu yetu ni hii, na tawfiki yatoka kwa Mungu.

Kwanza, kuhama huwa wajibu kwa yule aliyezuiliwa kuitekeleza dini yake. Adhana yasikika Migori na Homa Bay, na msikiti wa Kendu Bay ni miongoni mwa misikiti ya zamani kando ya ziwa. Hapana anayewazuilia sala wala saumu. Basi safari hii si wajibu, wala si haramu. Ni jambo la maslaha, na maslaha hupimwa.

Muscat wamo ndugu zetu wengi, waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964, na waliorejea baada ya Sultani Qaboos kushika ufalme 1970 na kuwaita watu wake. Kiswahili chasikika majumbani, na misikiti i karibu. Lakini mwenye pasi ya Kenya huko ni mgeni. Makao yake yafuata ruhusa, na ruhusa ina muda wake. Mtu wa miaka sabini na ajiulize: ruhusa ikikatika naye yu kitandani, atakwenda wapi?

Dubai nako waliofika miaka 55 wamefunguliwa mlango wa kukaa uzeeni, kwa masharti, mathalan akiba ya dirham milioni 1. Fedha hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za Kenya. Aliye nazo za halali, na ahesabu vilevile zaka yake kabla ya kuhesabu nauli.

Ama Madina, ni nani asiyeitamani? Fadhila ya kufa katika mji wa Mtume imethibiti. Lakini viza ya Umra ni ahadi ya kuingia na kutoka, na Mwislamu ameamrishwa kutimiza ahadi. Tangu 2019 serikali ya Saudia imeweka ukaazi wa daima kwa riyali 800,000. Asiyeweza, basi na azuru na kurejea. Haifai kuitafuta baraka ya Madina kwa kujificha na askari wake.

Tena wazee wetu na wamkumbuke Abu Dardai. Alikuwa Sham, akamwandikia rafiki yake Salmani Mfursi amfuate kwenye ardhi takatifu. Jawabu ya Salmani, kama alivyoipokea Imamu Malik, ilikuwa kwamba utakatifu wa mtu hautoki katika udongo anaoukanyaga, bali katika matendo yake. Na Bilali, muadhini wa Mtume, alifia Sham. Abu Ayyub, ambaye Mtume alishukia nyumbani kwake Madina, kaburi lake liko Konstantinopoli. Je, twaweza kusema wamepungukiwa?

Sasa twataka kusema lile ambalo suali halikulitaja. Nchi mtu aliyochumia ina haki juu yake. Reli ilipofika Kisumu 1901, na meli zikawa zatia nanga Kendu Bay na Homa Bay, wafanya biashara Waislamu walikwenda na nguo na chumvi, na dini yao vilevile. Wako Wajaluo waliosilimu kwa kuuona uaminifu katika mizani. Wajukuu wa hao ndio walio chuoni leo. Wazee wote wakiondoka na mali yao, nani atamlipa mwalimu?

Na liko jambo kubwa zaidi. Kwa Wajaluo, mahali pa kuzikwa mtu ni shauri la ukoo. Kesi ya wakili S. M. Otieno, asiyekuwa Mwislamu, ilichukua miezi mitano, hata akazikwa Mei 1987. Katika madhehebu yetu ya Shafi, maiti husitiriwa upesi, na kumsafirisha mji mwingine kumekatazwa, ila aliye karibu na Makka, Madina au Baitul Muqaddas. Mama Sarah Obama alipofariki Machi 2021, alizikwa siku ya pili yake kwa taratibu za Kiislamu kwao Kogelo. Lakini kijana aliyesilimu peke yake katika mji wao, siku ya msiba atasimama na nani, ikiwa wazee wanaojua kuosha, kukafini na kusema na ukoo kwa adabu, wote wako ng'ambo?

Kwa hivyo shauri letu ni hili. Mwenye kuondoka asiuze nyumba yake mpaka amekaa huko miezi kadhaa na kuyaonja maisha yake. Amtake shauri mkewe, maana uzee ni wa watu wawili. Alipe madeni, aandike wasia usiozidi thuluthi, wala asimwusie mrithi wake. Na duka moja aliweke wakfu, kodi yake iwe mshahara wa mwalimu. Na mwenye kubaki asibakie barazani kwa maneno ya watu. Na ashike darasa, hata la watoto watano.

Mahali pa kufa ni katika ghaibu ya Mola. Tulilopewa sisi kulichagua ni kazi ya kukutwa nayo. Mwenyezi Mungu awape wazee wetu mwisho mwema, popote watakapokuwa. Amin.