Siku Tatu za Speke Mwanza

Ukitoka Mwanza kwenda Magu na Bunda, maji yaliyo mkono wako wa kushoto ni Ghuba ya Speke, na ng'ambo yake ni Ukerewe. Mvuvi wa dagaa anayewasha taa zake humo usiku anavua kwenye maji yenye jina la mtu ambaye hakupiga kasia hata moja ndani yake.

John Hanning Speke alikuwa ofisa wa jeshi la Waingereza huko India. Mwaka 1858 alimwacha mwenzake, Richard Burton, akiugua Kaze, Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyemwongoza na kumtafsiria. Tarehe 3 Agosti alipanda kilima hapa Mwanza, akaona maji yasiyo na ng'ambo. Wenyeji waliyaita Nyanza, Waarabu wa misafara Bahari ya Ukerewe. Yeye akayaita Victoria, jina la malkia wake.

Nahodha anayeipa jina ghuba ya barafu kwenye ncha ya kusini ya dunia hana mwenyeji wa kumwuliza. Speke alikuwa na wenyeji, na aliwauliza. Mtu mmoja aliyesifika kwa kusafiri alinyoosha mkono kaskazini, akaaliza vidole, akasema hakuna ajuaye mwisho wa maji hayo. Huenda yanafika mwisho wa dunia, alisema. Msafiri huyo alikiri asichokijua. Mgeni, baada ya siku tatu na bila kupata chombo cha kumvusha, aliondoka akiapa kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia.

Speke aliporudi Kaze, Burton alidai ushahidi, na ushahidi haukuwapo. Urafiki ukavunjika. Speke alitangulia kufika London Mei 1859, akaitangaza habari yake, akapewa safari ya pili. Tarehe 28 Julai 1862 aliuona mto ukitoka ziwani pale Jinja. Hata hivyo hakulizunguka ziwa, wala hakuufuata mto hatua kwa hatua. Wapinzani wakaingilia katika pengo hilohilo. Mdahalo wake na Burton ulipangwa mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, risasi ya bunduki yake mwenyewe ilimuua akiwa mawindoni, akiwa na umri wa miaka 37.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, kazi ya karibu miezi miwili, akathibitisha kuwa ni ziwa moja na kwamba mto unatokea Jinja. Ghuba aliyoanzia safari akaipa jina la Speke, aliyekuwa amefariki karibu miaka 11 kabla.

Uchungu wa kisa hiki ni kwamba Speke alisema kweli. Lakini kweli isiyopimwa ni kama sangara uliyemwona majini: ukifika soko la samaki la Mwaloni Kirumba huna cha kuweka kwenye mizani, na wenzako wana haki ya kukucheka.

Basi wewe uliyeona shamba, dawa au biashara kwa siku tatu na tayari una jina la kuipa, rudi kwanza ukatafute mtumbwi. Zunguka, pima, sikiliza wenyeji wanaiitaje. Ukimaliza, sema.