Matanga ya Walio Hai

Katika miji yetu ya pwani mtu akifariki dunia hapana haja ya kutuma tarishi, kwani kabla maiti hajaoshwa majamvi yamekwisha kutandikwa, wanawake wa mtaani wamekwisha kuinjika masufuria, na wanaume, hata wale walionuniana na marehemu mwaka mzima, wamekwisha kukusanyika barazani wakingojea jeneza. Na kwa siku tatu wafiwa hawaachwi peke yao, mpaka khitma isomwe na kila mmoja ashike njia yake. Masheikh wametufunza kwamba kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya, yaani wakitekeleza baadhi wamewaokoa wote, na asipotekeleza yeyote dhambi inauenea mji mzima. Basi ikiwa maiti, asiyesikia wala kuona, ana haki kubwa kiasi hicho juu yetu, je, aliye hai ambaye moyo wake umezimika kifuani hana haki yoyote?

Watakuwapo wa kunijibu upesi kwamba huzuni ya namna hiyo ni upungufu wa imani, na kwamba dawa yake ni subira na kuzidisha dhikri. Siidharau dhikri, wala sijapata kuona mtu aliyedhurika kwa sala. Lakini neno hilo, likitamkwa na mtu ambaye hajaketi na mgonjwa hata saa moja, humwongezea mzigo yule aliyekwisha elemewa. Nabii Yaakub alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni, na hakuna mwanachuoni aliyeona aibu kuuita hivyo. Kama simanzi ingekuwa dalili ya kukosa imani, tungelazimika kuwatoa manabii katika safu ya waumini.

Wala si jambo geni katika elimu yetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, akashikilia kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, akawalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili peke yake, na akaipambanua huzuni ambayo sababu yake yajulikana na ile ambayo mwenyewe hawezi kuieleza imetoka wapi.

Kilichotuponza, kwa maoni yangu, ni stara iliyowekwa pasipo mahali pake. Stara ni jambo jema, nayo ilikusudiwa kusitiri makosa ya mtu asifedheheke. Sisi tumeitumia kusitiri maradhi, tukamfungia mgonjwa chumba cha uani, wageni wakiuliza tukasema amesafiri, mpaka tulichokuwa tukikisitiri si aibu yake tena bali ni yeye mwenyewe. Na sheria tulizorithi kwa wakoloni zikatia mkono: nchini Kenya aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu wa kufungwa hadi miaka 2, na ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba.

Mfano ulionisadikisha zaidi kwamba mtaa wenyewe waweza kuketi na mgonjwa wake umetoka Mbare, mtaa wa watu wa hali ya chini mjini Harare, Zimbabwe. Huko daktari Dixon Chibanda, baada ya kijana aliyekuwa akimtibu kujiua kwa kuwa jamaa zake walikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini, alianza mwaka 2006 na wanawake wazee 14, kwa kuwa hakupewa wauguzi wala vyumba. Akaweka mabenchi ya mbao nje ya zahanati, akayaita mabenchi ya afya ya akili, na watu wakayakimbia. Wale mabibi ndio waliomwambia abadili jina liwe benchi la urafiki, na watu wakaja kuketi. Hawakumwambia mgonjwa ana sonona, bali walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, ambalo kila mtu alilijua tangu utotoni. Matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika zahanati 24 yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, miongoni mwa waliokuwa wameketi na mabibi, takriban 14 katika kila 100 ndio waliobaki na dalili za sonona, ilhali kwa waliopata huduma ya kawaida walibaki 50. Benchi hilo limekwisha kuvuka mipaka, hata Unguja limefika.

Hapa pana jambo la kutafakari. Bibi yule hampi mgonjwa fatwa, wala hamhesabii neema za Mungu alizozisahau. Humwuliza, hunyamaza, kisha humwacha achague taabu moja kati ya taabu zake zote aanze nayo. Fikra izungukayo ndani ya mtu mmoja haina mwisho wala pwani, lakini ikishatamkwa mbele ya sikio lenye huruma inapata kimo na mipaka, na chenye mipaka chaweza kubebwa na watu wawili. Asikiaye sauti zisizokuwapo, au aliyekwisha kuazimia kuutoa uhai wake, huyo apelekwe kwa tabibu bila kukawia, na mabibi wa Harare nao hufanya hivyo. Lakini hata aliyepewa dawa hurudi nyumbani jioni, na huko atatukuta sisi, au atakuta mlango uliofungwa.

Sisi mabenchi hatuna haja ya kuyachonga. Baraza tunazo tangu enzi za mababu, za mawe na chokaa, na kahawa hupita kila alasiri. Misikiti tunayo, na makanisa, na vyama vya akina mama vyenye sufuria za kutosha kulisha mtaa. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba kumketia aliye hai nako ni ibada, na kwamba mji usiomketia una dhambi yake.

Nakusihi, msomaji: ukiona mahali pa jirani yako barazani pamebaki patupu siku tatu, usiulize amesafiri wapi. Nenda ukabishe hodi.