Ndugu yangu, unabadili gari kwa ajili ya nani?

Juma hili naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunaliona kuwa ni la dunia tu, lisilohusiana na dini, nalo ni gari. Naandika nikiwa hapa Babati, mji uliokaa juu ya ile barabara kuu ya Cape Town hadi Cairo, njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida. Tangu lami ya kutoka Dodoma ilipozinduliwa mwaka 2018 mji wetu umechangamka, na ukikaa karibu na stendi kwa saa moja tu utaona kila aina ya gari ambalo nafsi ya binadamu inaweza kulitamani.

Mimi ninayo Toyota Hilux, pikapu ya milango minne. Niliinunua mwaka 2005 ikiwa imeshatumika Japani. Ina injini ya dizeli aina ya 3L, ambayo mafundi wetu wanaifungua na kuifunga huku wakipiga soga. Haina kompyuta wala taa za kuwakawaka kukuambia ina ugonjwa gani, ikiumwa inapiga kelele na kila mtu anasikia. Namba yake inaanza na herufi A. Wasomaji wa mjini mnajua maana yake. Sasa hivi tumeshafika E, na watu siku hizi kabla ya kukutazama usoni wanatazama kwanza kibati cha namba ili wajue wakusalimie vipi.

Mwaka jana nilikwenda kwenye harusi Arusha. Nilipofika getini mlinzi wa ukumbi alinisimamisha kwa adabu kabisa akaniambia, "Shikamoo mzee, magari ya vyakula yanaingilia mlango wa nyuma." Waliokuwa nyuma yangu walicheka, nami nikacheka, lakini mdomoni tu. Wakati wa kurudi, kutoka Makuyuni mpaka Minjingu, na kutoka Minjingu mpaka Magugu, nilikuwa napiga hesabu. Nilikuwa na akiba ya sh 14,000,000. Kijana wangu alikuwa ameniona Harrier moja nzuri ya sh 38,000,000. Hilux ilikuwa na mteja wa sh 11,000,000. Zinabaki 13,000,000, na hizo kulikuwa na wakopeshaji tayari kunipa kwa kushika kadi ya gari, kwa asilimia 4 kila mwezi. "Baba," kijana akanambia, "watu wanakuonea huruma na hilo gari."

Hebu nianze na ukweli ambao baadhi yetu tunapenda kuuficha tunapowahutubia wenzetu. Uislamu haujaharamisha gari zuri. Katika Sura an-Nahl (16:8) Allah (SW) anawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na ni pambo pia, kisha anasema kuwa anaumba tusivyovijua. Katika al-A'raf (7:32) anahoji ni nani aliyeharamisha mapambo aliyowatolea waja wake. Na Mtume (SAW) ametaja kipando kizuri kuwa ni miongoni mwa mambo ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, nyumba yenye nafasi na jirani mwema. Kwa hiyo anayesimama mimbarini na kumlaani kila mwenye gari jipya amezidisha. Tatizo haliko kwenye bati na rangi.

Ipo hadithi katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (RA), ambayo naona ndiyo khutba kamili ya magari, ingawa yanayotajwa humo ni farasi. Mtume (SAW) anafundisha kuwa farasi ni wa namna tatu. Kuna ambaye ni thawabu kwa mwenyewe, kwa sababu amemfunga kwa ajili ya njia ya Allah. Huyo hata akikata kamba akakimbia vilimani, nyayo zake na kinyesi chake vinaandikwa kuwa ni mema, na hata akinywa maji mtoni bila bwana wake kukusudia, bwana wake analipwa. Kuna ambaye ni sitara, mwenyewe amemfuga ili asiwe ombaomba, na hakusahau haki ya Allah iliyomo humo. Na kuna ambaye ni mzigo wa dhambi, kwa sababu amefugwa kwa fahari na kujionesha. Zingatieni, ndugu zangu, kuwa farasi ni yule yule mwenye miguu minne. Haikuulizwa umri wake wala rangi yake wala alinunuliwa kwa kiasi gani.

Kisha Maswahaba wakauliza, je, punda? Yaani waliuliza kipando kingine, cha daraja la chini. Mtume (SAW) akawaeleza kuwa hakuteremshiwa kitu mahsusi juu ya punda isipokuwa ile aya ya pekee iliyokusanya kila kitu, ya kwamba atakayetenda wema wa uzito wa chembe atauona, na atakayetenda uovu wa uzito wa chembe atauona (99:7-8). Kwa maoni yangu Hilux ya namba A na Harrier ya namba E zote zimeingia hapo.

Sasa niwaeleze kilichonitokea nilipokuwa katika hesabu hizo. Ilikuwa masika, baada ya Swala ya Isha, tukaletewa habari kuwa kuna mama amefariki hospitali ya Mrara na anatakiwa kupelekwa kwao, kijiji kimoja kule ng'ambo ya Galapo, azikwe asubuhi. Ndugu zangu, siku ya Ijumaa nje ya msikiti wetu magari yanajaa mpaka barabarani, vijana wanafanya kazi ya kuyaelekeza. Lakini usiku ule tulikuwa tunapigiana simu. Mmoja akasema lake ni la chini, litakwama. Alisema kweli, simlaumu. Mwingine akasema limetoka kuoshwa, huyo namwachia Mola wake. Tukampakia marehemu katika Hilux tukaenda. Njia ilikuwa tope tupu, mahali pawili vijana walishuka kusukuma, lakini kabla ya alfajiri tulikuwa tumefika.

Kaka yake marehemu alikaa mbele pamoja nami. Muda mrefu hakusema neno. Tulipokaribia akaniuliza, "Maalim, nasikia gari hili unaliuza?"

Sikumjibu. Nilijifanya natazama tope.

Nikakumbuka ile hadithi ya Abu Said al-Khudri (RA) iliyomo katika Muslim, kwamba walipokuwa safarini Mtume (SAW) aliwaamrisha wenye ziada ya kipando wampe asiye na kipando, na wenye ziada ya chakula wampe asiye na chakula, akaendelea kutaja aina za mali mpaka Maswahaba wakaona kuwa hakuna mwenye haki juu ya ziada. Nikakumbuka pia tarehe 3 Disemba 2023, matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu za Katesh na vijiji vya jirani na watu zaidi ya 80 wakafariki. Siku zile hakuna aliyeuliza namba ya gari inaanza na herufi gani. Waliuliza tu kama linaweza kubeba mablanketi na magunia, na kama litafika.

Mtu anaweza kusoma mpaka hapa akasema, basi Maalim amegundua kuwa gari la zamani ni uchamungu. Hapana. Kilichonitisha zaidi kilikuja baadaye. Nilipowaambia watu wawili watatu kuwa huenda nisiuze, walinisifu, wakasema mzee huyu ni zahidi, dunia ameipa kisogo, na nikajikuta nazipenda hizo sifa kama vile yule mwenye Harrier anavyopenda kutazamwa. Fahari inaweza kupanda hata gari lililochakaa. Zaidi ya hapo, siku nilipolala chini ya gari pamoja na fundi niliona breki za nyuma zimekwisha na tairi mbili zimekuwa kama kipara. Na mimi ndiye niliyebeba vijana wanane nyuma, wamesimama, katika utelezi, usiku. Dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana. Kama mmoja wao angeanguka, ningemwambia nini mama yake, kwamba injini ya 3L haifi?

Kadhalika kuna ndugu ambao gari lao la zamani linakula kila wanachopata. Dereva wa teksi anayetoa mapato ya siku tano kwa fundi na kubaki na ya siku moja kwa watoto, huyo kuendelea nalo si subira. Ni israfu kama israfu nyingine, na kubadili kwake ni kutafuta sitara.

Na palikuwa na haki nyingine ambayo niliitumia kama ngao. Mke wangu ana maumivu ya mgongo, na mara kwa mara nampeleka KCMC Moshi. Hilux ni ngumu na iko juu. Kila aliyeniuliza kwa nini nataka Harrier nilimwambia, ni kwa ajili ya mama watoto. Jibu zuri la kisheria, haki ya mke. Usiku mmoja nikaona nimuulize mwenyewe. Akanitazama akasema, "Mzee wangu, mimi nilipokuambia mgongo unauma nilikuwa naomba uendeshe polepole. Na pale pa kupandia ni juu. Harrier sikuitaja."

Nilinyamaza kwa aibu. Miezi mizima nimembebesha mgonjwa nia ambayo haikuwa yake.

Nikaenda kwa sheikh wetu nikamweleza yote. Yeye hakuniambia uza wala usiuze. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza, hizo milioni 14 zimekaa muda gani? Nikasema zaidi ya mwaka. Zaka yake umetoa? Nikasema, Sheikh, hizo ni za gari. Akasema gari la kupanda mwenyewe halina zaka, ila fedha iliyofika nisabu na kupitiwa na mwaka ina zaka, hata kama mwenyewe ameshaitilia nia ya gari, nyumba au Hijja. Yeye hupima kwa nisabu ya fedha, kwa hiyo zangu zilikuwa zimefika na kupita mbali. Asilimia 2.5 ya milioni 14 ni sh 350,000, haki ya maskini niliyokuwa nimeilalia mwaka mzima huku nikitafuta picha za Harrier kwenye simu.

Swali la pili lilikuwa juu ya ule mkopo, na hapo hakukuwa na mjadala mrefu. Asilimia 4 ya milioni 13 ni sh 520,000 kila mwezi, na Allah (SW) ametangaza vita dhidi ya asiyeacha riba (2:279). Ndugu zangu mjini tumeizoea hii mikopo, mtaani wenyewe wameipa jina la "kausha damu" na bado foleni haipungui. Hatuna hata udhuru wa kusema hakuna njia nyingine, maana tangu mwaka 2011 nchi hii ina Amana Bank inayofanya kazi bila riba, na baadhi ya benki nyingine nazo zimefungua huduma za aina hiyo. Mtu wa kununuliwa gari kwa murabaha akalipa kwa awamu anaweza kwenda kuuliza. Lakini hata hilo ni kwa mwenye haja. Mimi haja yangu ilianzia kwa mlinzi wa geti.

Basi nilitoa zaka. Kisha nikaenda gereji. Fundi alipunguza jani moja la springi kila upande ili gari lilegee kidogo, akabadili shokapu zote nne, breki na tairi zote. Fundi wa kuchomelea akatengeneza kingazi cha chuma upande wa abiria, kiasi cha goti la mama wa makamo. Jumla ilikuwa sh 2,350,000. Zilizobaki nimeziweka, maana Hilux si ya milele. Ikifa nitanunua nyingine kwa fedha mkononi, na kwa wenzangu wa hapa msikitini nimetoa rai kuwa anayebadili gari aina ya pikapu, badala ya kuliuza kwa bei ya kutupa, aliweke wakfu kwa ajili ya janaza na wagonjwa. Mpaka sasa aliyejibu ni mmoja, na amesema atafikiria.

Vijana hawasimami tena nyuma. Anayetaka kusindikiza maiti apande kwenye Noah, tunachanga nauli.

Wiki mbili zilizopita kaka yake yule marehemu alikuja nyumbani na debe la mbaazi. Alizunguka gari akitazama tairi mpya, akakanyaga kile kingazi kukijaribu, kisha akaniuliza tena lile swali lake. Nikamwambia haliuzwi. Akasema Alhamdulillah, basi Jumamosi kuna mgonjwa wa kurudishwa nyumbani kutoka Mrara, kama nina nafasi.