Bei Itajwe Kabla ya Kazi

Wateja wangu karibu wote wameletwa na mdomo wa mtu mwingine. Mwenye duka la leso Biashara Street alimwambia shemeji yake mwenye nyumba za kukodisha watalii kule Diani, shemeji akamwambia wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na ndivyo kazi ya kutengeneza tovuti inavyonilisha hapa Mombasa. Lakini mteja wa namna hii haji peke yake. Huja na ujirani, na urafiki wake na baba, na safu moja ya sala ya Ijumaa. Kisha husema maneno ambayo kila fundi wa mji huu ameyasikia: "We fanya tu, mwanangu. Bei hatutashindana."

Maneno hayo, kwa upole wake wote, ni mlango wa dhuluma. Waislamu wengi wa pwani hii tunafuata madhehebu ya Shafii, na katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, imo mas-ala ya mtu aliyempa mshonaji nguo amshonee. Nguo ikashonwa, na ujira haukutajwa. Je, mshonaji anastahiki kulipwa? Kauli inayotangulizwa humo ni kwamba hana ujira. Iko kauli kwamba anao, na iko ya tatu, kwamba anao iwapo anajulikana kwa kazi hiyo, na Nawawi anaashiria kuwa hii ya tatu yaweza kupendelewa.

Kauli ya kwanza yaonekana kali kwa mfanyakazi. Mimi naiona ni huruma kwa wote wawili, kwa sababu inawalazimisha kusema mapema. Mzee ana shilingi elfu kumi kichwani, mimi nina elfu sitini, na hakuna kati yetu aliye mwongo. Tovuti ikishakamilika, mmoja wetu lazima aondoke na kinyongo, na kinyongo hicho kitakwenda naye mpaka msikitini. Haya ni sehemu ya imani, lakini kuinyamazia haki yako leo kisha ukamsengenya mwenzio kesho, hiyo haya iko wapi?

Swali gumu zaidi ni kiasi gani. Imepokewa kutoka kwa sahaba Anas kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, akakataa, kwa kuchelea asije akakutana na Mola wake huku kuna mtu anayemdai dhuluma ya damu au mali. Kwa hivyo sitafuti kiwango kimoja kilichoandikwa mahali. Hoteli inayotaka wageni waweke nafasi na kulipa moja kwa moja nitaitoza mara tatu ya duka linalotaka kurasa nne na ramani, kwani kazi ni mbili tofauti. Madrasa nikiifanyia bure, hiyo ni sadaka, nami huwaambia hivyo, wasije wakadhani ndiyo bei ya kazi.

Ninaposimama ni pale bei inapopandishwa kwa kufuata ujinga wa mteja. Kusajili jina la .co.ke ni kazi ya dakika chache. Yuko fundi anayelitoza kama kwamba amechimba kisima, tena akalisajili kwa jina lake mwenyewe, ili mteja akitaka kuhama siku moja ajikute hana anwani yake. Mteja alikubali, ndiyo, lakini alikubali asichokijua. Surat al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo, na katika kazi yetu mizani imo kichwani mwa fundi, mteja haioni kabisa. Ndiyo maana dhima yetu ni nzito kuliko ya muuza mchele.

Na nyongeza je? "Niwekee na ukurasa wa picha, mara moja tu." Hapa hukumbuka Surat al-Qasas, mzee wa Madyan alipomwajiri Musa: miaka minane ndiyo mapatano, na akitimiza kumi, basi hiyo miwili ni hiari yake. Musa akakubali, akaweka wazi kwamba muda wowote atakaoutimiza, wa minane au wa kumi, asidaiwe zaidi. Mimi huandika vivyo hivyo kwenye karatasi: kurasa kadhaa, marekebisho mara mbili, nusu ya malipo kabla sijaanza. Zaidi ya hapo nikitoa, nimetoa kwa moyo wangu.

Basi ami yangu, shangazi yangu, unapomwendea kijana akutengenezee tovuti, usimwambie hamtashindana. Muulize bei, bishana naye kama ni kubwa, mwandikiane, kisha umwache afanye kazi. Nawe kijana, ukiulizwa, itaje.