Uso wa Mjumbe

Hivi karibuni tulimtuma mama mmoja wa mtaani kwetu apeleke barua yetu ya malalamiko ya maji kwenye ofisi inayohusika. Alifokewa mbele ya watu, akarudi analia. Nilipong'aka, nikajibiwa: kwani katukanwa yeye? Si alikuwa mdomo wetu tu? Jibu hilo linanikera mpaka leo.

Uwakilishi tunaujua: kusema kwa niaba ya mwingine. Ila hili la kwamba mjumbe ni mdomo tu siliachii.

Katika Shahnameh, utenzi wa Kiajemi alioukamilisha Ferdowsi mwaka 1010, Iskandar, yaani Aleksanda Mkuu, anajifanya mjumbe wake mwenyewe na kwenda kwa malkia Qaydafa. Malkia alishamtuma mchoraji kwa siri, anayo sura ya Iskandar kwenye hariri. Katika karne ya 12 mshairi Nizami alikisimulia kisa hicho upya, malkia akiwa Nushaba, na wachoraji wa Uajemi wakakipenda mno: malkia juu ya kiti cha enzi, mgeni chini yake, picha ya uso wake mwenyewe i mbele ya macho yake. Anabadilika rangi kwa hofu. Mdomo mtupu ungeogopa nini? Aliyesimama pale ana shingo.

Utaniambia huyo alikuwa mfalme. Haya, mjumbe wa Hind, yaani India, aliyemletea Nushirvan, mfalme wa Uajemi, sataranji hakuwa mfalme. Katika mchoro wa mwanzoni mwa karne ya 14 ulioko Metropolitan Museum, New York, yumo barazani, ana kwa ana na Buzurgmihr, waziri anayeufumbua mchezo. Mchoraji hakumficha nyuma ya bwana wake. Kampa mwili wake na mahali pake pa kukaa.

Vitabu vyenyewe vilitumwa pia, kama wajumbe. Shahnameh ya Shah Tahmasp, mfalme Msafavi wa Uajemi, yenye michoro 258, ilifika kwa Sultan Selim II wa Waosmani mwaka 1568 ikiwa zawadi. Ilidumu nzima karibu karne nne, hadi Arthur Houghton, Mmarekani aliyeinunua mwaka 1959, alipoichambua kurasa, nyingine akazitoa, nyingine akaziuza. Kitabu kilichovuka uhasama wa Wasafavi na Waosmani kikashindwa kumvuka tajiri mmoja! Mabaki yalirudi Iran mwaka 1994, kwa kubadilishana na mchoro wa Willem de Kooning.

Linabaki jambo linaloninyima usingizi. Ikiwa yule mama alikuwa na heshima yake mwenyewe pale ofisini, je, na ukali wa barua yetu ni wake? Tuliiandika sisi. Lakini aliisoma kabla ya kuibeba, na angeweza kukataa.